Wasichana wa Kashasha hawakuwa wakiigiza

Mwanafunzi akianguka darasani, akatetemeka au miguu ikamgoma, na vipimo visionyeshe kitu, watu hutoa hukumu mbili: ana majini, au anaigiza. Zote mbili zinamuumiza mtoto ambaye tayari anaumwa.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na vicheko na vilio wasivyoweza kuvizuia. Hadi shule inafungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, lakini hakuna mwalimu hata mmoja. Masimulizi kwamba walicheka miezi mfululizo si ya kweli. Hali ilikuja na kukatika, kwa saa chache hadi siku 16. Maabara haikupata sumu wala kijidudu.

Kipimo kisichoonyesha ugonjwa hakithibitishi kwamba mtoto anadanganya. Ubongo ukielemewa, mawasiliano yake na mwili huweza kuvurugika: tumbo linauma kweli, mguu unakataa kweli, na mtoto hakuchagua. Pengine kuna mtihani, msiba au uonevu bwenini. Pengine hakuna sababu inayoonekana, na kumhoji mpaka akiri hakusaidii.

Daktari aonwe kwanza, hasa kukiwa na homa, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usiku. Ikishathibitika kwamba hana ugonjwa mwingine, mtoto aelezwe waziwazi kinachoendelea, afanyishwe mazoezi ya viungo, alale vya kutosha na arudi shule taratibu. Wengi hupona.