Kamanda wa Makazi ya Adhabu: Maana ya Cheo Hiki

Kamanda wa makazi ya adhabu alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekabidhiwa mahali pa mbali walikozuiliwa wafungwa wa koloni, huku akiendelea kuwa ofisa wa rejimenti yake. Katika koloni la New South Wales, huko Australia, hakuletewa kila mfungwa aliyesafirishwa kutoka Uingereza, bali hasa wale waliotenda kosa jingine baada ya kufika. Kwa hiyo adhabu yao ilikuwa ya pili, na ilikusudiwa kuogopwa.

Mfano ulio wazi ni Kapteni Patrick Logan wa Rejimenti ya 57, Mskoti aliyepigana na majeshi ya Napoleon huko Hispania, akawasili Sydney mwaka 1825, na Machi 1826 akashika uongozi wa Moreton Bay, mahali palipo na jiji la Brisbane leo. Kuongoza askari walinzi kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi yake. Yeye ndiye aliyepanga kazi za wafungwa, aliyesikiliza mashtaka dhidi yao, aliyeamuru wachapwe viboko, na pia aliyesimamia majengo waliyoyajenga. Mnara wa kinu cha kusagia nafaka uliojengwa wakati wake ungali umesimama, na wafungwa waliadhibiwa kwa kukizungusha kinu hicho kwa miguu, wakikanyaga vidato vya gurudumu bila kufika popote. Kwangu mimi, uzito wa cheo hiki uko hapo: aliyemhukumu mfungwa ndiye aliyemtumikisha, naye Gavana, ambaye angeweza kumzuia, alikuwa Sydney, zaidi ya kilomita 700 kusini, na barua zilisubiri meli.

Logan alifanya pia safari za kuichunguza nchi ya jirani, na Mto Logan unabeba jina lake, ingawa nchi hiyo ilikuwa na wenyewe, wakiwemo Wayuggera na Waturrbal. Oktoba 1830, rejimenti yake ikitarajiwa kuhamia India, aliuawa akiwa katika safari ya namna hiyo. Lawama ziliwaangukia wenyeji, ingawa wapo walioshuku mkono wa wafungwa. Nafasi yake ilichukuliwa na Kapteni James Clunie wa Rejimenti ya 17, na maofisa wengine wakafuata hadi makazi hayo yalipofungwa mwaka 1839.