Mtoto anaharisha sikukuu ya pili: mpeni maji!

Kwa nini watoto huharisha sana baada ya Idi?
Mwiku. Biriani imepikwa alfajiri ya sikukuu mosi, imeshinda kwenye sufuria na joto letu hili, usiku ikafunikwa kawa, asubuhi ikapashwa na kuliwa. Kawa inazuia nzi tu. Wali ukiachwa nje, vijidudu vyake hutoa sumu ambayo moto hauiondoi. Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa 2. Umeme ukikatika usiku kucha, mwageni. Najua bei ya nyama, mwageni.

Kuharisha ni nini?
Choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku.

Bibi yake anasema asipewe maji, yatamzidishia.
Hapana. Kwa heshima zote kwa bibi, hapana. Maji yanamtoka, lazima yarudi. Watoto tunaowapokea kituoni macho yamezama, ukiufinya ubavu wa tumbo ngozi inabaki imesimama, wengi wamenyimwa maji tangu jana. Mpeni. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mpeni tena kijiko kijiko. Anayenyonya azidishiwe ziwa.

Maji gani?
ORS, ile paketi ya unga wa chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini: paketi nzima kwa lita 1 ya maji salama. Sio nusu paketi kwenye kikombe! Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila akiharisha. Aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Baada ya saa 24 mwageni, changanyeni nyengine. Mkiwa bado hamjaipata, dafu linafaa. Soda za sikukuu hazifai. Na zinki, dawa ya kuharisha mtakayopewa kituoni, imalizwe siku zake zote, hata choo kikishakaza.

Tumpeleke hospitali sikukuu ikiisha?
Sikukuu kwetu ni siku 4. Mtoto mdogo hana siku 4. Mama mmoja alimleta wake na gauni jipya mwilini, kalegea, hanyanyui shingo. Alikuwa akingoja wageni waondoke. Wageni watajipakulia. Analia bila machozi, hajakojoa saa 6, hawezi kunywa, choo kina damu: ni sasa hivi, hata saa 8 za usiku, huku mkimnywesha njiani. Na msipitie dukani kununua vidonge vya kufunga tumbo. Mtoto hapewi hivyo.