Mwalimu wa Tenisi wa Klabu Ametoka Wapi, na Kazi Yake Humfikisha Wapi

Karibu kila mzazi anayemleta mtoto klabuni kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: mwalimu huyu alicheza mpaka ngazi gani? Swali hilo halina ubaya, kwa kuwa hakuna awezaye kufundisha pigo asilolijua. Hata hivyo, kwa miaka ambayo nimekuwa nikiwapima makocha wanaoomba vyeti katika taasisi yetu, nimeona mara nyingi kwamba jibu lake halimsaidii mzazi. Wapo wachezaji waliovuma ambao hushindwa kumweleza mtoto wa miaka saba kwa nini mpira wake unaishia wavuni, na wapo watu ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye orodha yoyote ya ubora lakini humrekebisha mtoto huyo kwa neno moja.

Ualimu wa klabu ni kazi ya zamani, na njia za kuingilia zimekuwa nyingi tangu mwanzo. Dan Maskell wa Uingereza alianza mwaka 1923 akiwa mwokota mipira wa Queen's Club jijini London, akapanda hadi kuwa mwalimu hapo hapo, kisha mwaka 1929 akaajiriwa na All England Club, klabu inayoandaa mashindano ya Wimbledon. Mwaka 1933 timu ya Uingereza aliyoisaidia kujiandaa ilitwaa Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, na baadaye yeye mwenyewe akawa mtangazaji wa tenisi wa BBC kwa miongo kadhaa. Elimu yake ya ualimu ilianzia pembeni mwa uwanja, kwa kuwatazama wanachama wakicheza siku baada ya siku, akaujua mwendo wa mpira na tabia za watu kwa pamoja.

Wakati huo, kupokea malipo ya kufundisha kulimfungia mtu mlango, kwa kuwa aliyelipwa alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa na hakuruhusiwa kuingia Wimbledon wala mashindano mengine makubwa, yaliyokuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Eleanor Tennant wa Marekani, mmoja wa wanawake wa kwanza kuishi kwa ualimu wa tenisi, alipoteza hadhi yake ya ridhaa kwa sababu hiyo, kisha akamfundisha Alice Marble aliyeshinda Wimbledon mwaka 1939. Utengano huo uliendelea mpaka mwaka 1968, mashindano yalipofunguliwa kwa wachezaji wote. Nauona kuwa ulikuwa dhuluma kubwa, kwani waliokuwa wakiufundisha mchezo ndio walionyimwa nafasi ya kuucheza mahali unapoheshimiwa zaidi.

Tukitazama wanaoingia kazini miaka hii, kundi kubwa ni la waliocheza mashindano ya vijana au ya vyuo vikuu bila kufika mbali katika mzunguko wa kulipwa. Wengine walijaribu mzunguko huo kwa miaka michache, nauli na hoteli zikawamaliza, wakatafuta klabu. Peter Carter wa Australia alifika kwenye klabu ya Old Boys mjini Basel, Uswisi, akiwa mchezaji aliyekuja kushindana katika ligi ya vilabu, akabaki kufundisha, na miongoni mwa watoto aliowakuta hapo alikuwemo Roger Federer, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia nzima kumjua. Toni Nadal alikuwa mwalimu wa klabu ya mji wa Manacor nchini Hispania wakati mpwa wake Rafael, naye bingwa wa baadaye, alipoanza kushika raketi. Nick Bollettieri, ambaye hakuwa mchezaji wa kutajwa, aliacha masomo ya sheria, akafundisha kwa miaka mingi, na mwaka 1978 akaanzisha chuo chake huko Florida. Waalimu wa michezo wa shule nao huingia kazi hii wakiwa na uzoefu wa kuongoza watoto, na kwa maoni yangu uzoefu huo huthaminiwa chini ya kiwango kinachostahili.

Kinachowaunganisha wote ni ufundi mmoja ambao mtazamaji huuona kuwa jambo dogo: kumrushia mwanafunzi mpira. Mwalimu husimama na kapu lake, akachukua mpira kwa mkono mmoja na kuupeleka kwa raketi au kwa kiganja mahali ambapo mwanafunzi atalazimika kupiga hatua moja na kupata pigo zuri. Akiurusha karibu mno, mtoto atajikunja. Akiurusha mbali mno, atauparaza tu. Nakumbuka mtahiniwa mmoja aliyekuwa na mwanafunzi aliyekosa mkono wa nyuma, yaani pigo linalopigwa mgongo wa mkono ukielekea mbele, mara nane mfululizo. Hakusema lolote kuhusu mkono. Aliweka koni moja ya plastiki pale mguu wa mbele ulipotakiwa kutua, akasogea hatua mbili karibu, akarusha mpira kwa kiganja, na wa tatu ukavuka wavu. Alikuwa ametambua kwamba kosa lilianzia miguuni, na hilo ndilo ninalolitafuta ninapompima mtu.

Mafunzo rasmi yapo ili ufundi huo usitegemee bahati. Nchini Marekani chama cha walimu wa tenisi, USPTA, kiliundwa mwaka 1927, na mwaka 1976 Dennis Van der Meer, mzaliwa wa Namibia, alianzisha chombo kingine, PTR, kilichowafundisha makocha wa nchi mbalimbali kwa utaratibu mmoja. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, nalo lina kozi za ngazi tofauti zinazotolewa pamoja na mashirikisho ya nchi. Badiliko kubwa tuliloliona uwanjani ni la mipira ya polepole kwa watoto: mwekundu, wa rangi ya chungwa na wa kijani, inayotumika kwenye viwanja vya ukubwa unaolingana na umri. Tangu mwaka 2012 sheria za mchezo zimezuia mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wenye umri wa miaka kumi na chini yake. Mwalimu ambaye bado anamweka mtoto wa miaka sita nyuma ya mstari wa mwisho wa uwanja mzima, wenye urefu wa mita 23.77, anahitaji kurudi darasani.

Kuhusu riziki, mipango hutofautiana kutoka klabu moja hadi nyingine. Baadhi huajiri kwa mshahara. Nyingine humpa mwalimu nafasi ya uwanja naye akalipwa kwa saa, klabu ikichukua sehemu yake. Mvua ikinyesha wiki nzima, mwalimu wa aina hii ya pili hana mapato, na ndiyo maana wengi hufunga nyuzi za raketi, huuza vifaa na huandaa mashindano ya wanachama. Anayeanza huwa msaidizi, kisha mwalimu kamili, na wachache hufikia kuwa mkuu wa tenisi wa klabu, cheo ambacho humhamishia ofisini kwenye ratiba na bajeti zaidi kuliko alivyotarajia. Bega, kiwiko na magoti huchakaa, na jua la miaka mingi huiumiza ngozi, kwa hiyo nawasihi vijana wapange mapema njia ya pili, iwe ni kuwafunza makocha wengine, kufanya kazi katika shirikisho la nchi, au kusafiri na mchezaji mmoja.

Mzazi akija sasa kuniuliza, namwomba akae pembeni mwa uwanja kwa dakika kumi na tano kabla ya kulipa. Ahesabu kila mtoto anapiga mipira mingapi na anasubiri foleni kwa muda gani. Asikilize kama mwalimu anawaita kwa majina. Kisha aombe kuona cheti na tarehe yake ya mwisho, aulize kama mwalimu amejifunza huduma ya kwanza, na aulize klabu ilifanya uchunguzi gani kuhusu mtu huyo kabla ya kumkabidhi watoto.