Idadi ya Wasemaji Haifanyi Lugha Kuwa Lahaja

Tangu kuanza kwa Muongo wa Kimataifa wa Lugha za Asili (2022–2032), dawati letu la orodha ya lugha limekuwa likipokea maswali mengi kuhusu lugha za Austroasia. Tunawashukuru wanaoandika. Yapo makosa yanayojirudia, nayo yanachelewesha kazi, hivyo tumeona tuyaeleze hapa.

Austroasia si Austronesia. Kimalagasi na Kimalei ni Austronesia. Austroasia ni ukoo mwingine, ulioenea kuanzia katikati ya India hadi Vietnam. Kivietnam na Kikhmer ndizo zinazojulikana. Nyingi zilizobaki ni za jamii ndogo, kama Kikorku cha India, Kimlabri cha Thailand na Laos, na Kijahai cha misitu ya Malaysia.

Na Kivietnam si Kichina. Hili tumelijibu mara nyingi mno. Hoja inayoletwa ni kwamba kina toni, yaani kiwango cha sauti kinachobadilisha maana ya neno, na maneno mengi ya Kichina. Mwanaisimu Mfaransa Haudricourt alikwisha kuonyesha mwaka 1954 kwamba toni hizo zilizaliwa ndani ya Kivietnam chenyewe, konsonanti za mwisho wa maneno zilipodondoka. Maneno ya kukopa nayo hayabadilishi ukoo. Sisi tunahesabu sita, saba, tisa, ishirini kwa Kiarabu, na Kiswahili kimebaki Kibantu. Wakhmer nao kuanzia thelathini wanahesabu kwa maneno waliyoyapata kwa Wathai.

Kinachotazamwa ni maneno ya msingi, na si kwa kufanana tu. Tatu ni «ba» kwa Kivietnam na «pe» kwa Kisantali cha India. Nne ni «bốn» na «pon». Penye b huku pana p kule, na hali hiyo inajirudia. Huo ndio ushahidi. Neno moja halitoshi: jicho ni «mắt» kwa Kivietnam na «mata» kwa Kimalei, na hatuwezi kuziweka lugha hizo nyumba moja kwa sababu ya jicho.

Kuhusu mpangilio wa matawi ya Austroasia, wataalamu bado wanajadiliana, hasa kama lugha za Kimunda za India zilijitenga mapema kuliko nyingine zote. Dawati halichukui upande.

Linalotusikitisha zaidi ni ombi la kuiita lugha lahaja kwa sababu wasemaji wake ni wachache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walikwenda kaskazini mwa rasi ya Malaysia kuchunguza Kijahai, wakagundua kwamba sehemu ya kijiji kilekile ilikuwa ikisema lugha nyingine, yenye maneno na sauti zisizo za Kijahai. Ni Kijedek, na wasemaji wake ni kama 280. Walikuwa wamewahi kutembelewa na wataalamu, lakini lugha yao haikutambuliwa. Laiti mtu angeketi akawasikiliza!

Sasa utaratibu. Msimbo wa herufi tatu unaotambulisha kila lugha katika kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3 hutolewa na shirika la SIL International, si sisi. Sisi tunasaidia kuandaa ombi. Kisantali ni sat, Kijahai ni jhi. Kiswahili kina swh, na cha Kongo ni swc. Ombi linaweza kuwa la kuunda msimbo, kuugawa, kuunganisha miwili au kuufuta, na kila aina ina sehemu yake katika fomu. Likipokelewa hutangazwa hadharani ili watu watoe maoni, kisha huamuliwa. Ombi lisilo na ushahidi hukataliwa, na mwombaji husubiri duru inayofuata. Msimbo uliofutwa haupewi lugha nyingine kamwe, kwa hiyo tafadhali msiombe ufutaji kwa kubahatisha.

Mnapotuandikia, ambatanisheni orodha ya maneno ya msingi, sauti iliyorekodiwa kwa idhini ya msemaji, mahali lugha inaposemwa, na jina ambalo wenyewe wanaiita lugha yao, hata kama majirani wanaiita vingine.