Hati na Mlango: Jinsi Marekani Ilivyowafungia Wachina kwa Sheria

Tarehe 6 Mei 1882, Rais Chester A. Arthur alitia saini sheria iliyopiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia Marekani kwa miaka 10, huku wafanyabiashara, walimu na wanafunzi wakiachiwa kupita. Tayari sheria ya Page ya mwaka 1875 ilikuwa imewazuia wanawake wengi wa Kichina kwa kisingizio cha kupambana na ukahaba. Inauma kukumbuka kwamba mwaka 1869, reli ya kuvuka bara ilipokamilika huko Utah, maelfu ya Wachina ndio waliokuwa wamepasua miamba ya Sierra Nevada ili ipite; lakini uchumi ulipoyumba katika miaka ya 1870, wanasiasa wa California na vyama vya wafanyakazi wazungu waliwatwika wao lawama za ujira mdogo.

Ukitaka kuielewa sheria hii, zitazame hati zake. Kibarua aliyekuwapo nchini kabla ya marufuku alipewa hati ya kumruhusu kwenda kwao na kurudi. Chae Chan Ping, aliyeishi San Francisco tangu mwaka 1875, aliondoka na hati yake mwaka 1887. Akiwa bado baharini akirejea, sheria ya Scott ya tarehe 1 Oktoba 1888 ilizifuta hati zote za aina hiyo, zipatazo 20,000, na meli yake ilipotia nanga wiki moja baadaye alizuiwa kushuka. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1889 kwamba serikali ina mamlaka ya kumzuia mgeni yeyote kuingia hata kama ilimwahidi kumpokea, na hukumu hiyo ingali msingi wa sheria ya uhamiaji ya Marekani.

Mwaka 1892 ikaja sheria ya Geary, iliyorefusha marufuku na kumlazimu kila kibarua wa Kichina kujiandikisha na kuwa na cheti cha ukaazi. Aliyekamatwa bila cheti aliweza kufukuzwa nchini, na akitaka kujitetea ilibidi alete angalau shahidi mmoja mzungu. Msomaji wa Kenya atakumbuka kipande walichovishwa wazee wetu enzi za ukoloni. Wengi walikataa kujiandikisha kwa wito wa vyama vyao, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1904 marufuku ilifanywa ya kudumu.

Kisha tetemeko na moto wa mwaka 1906 uliteketeza kumbukumbu za vizazi za San Francisco. Kwa kuwa aliyezaliwa Marekani ni raia, kama kesi ya Wong Kim Ark ilivyothibitisha mwaka 1898, Mchina aliweza sasa kudai kwamba alizaliwa pale, na kila aliporudi kutoka China akaandikisha mtoto wa kiume, awe yupo au hayupo, kwa kuwa mtoto wa raia aliruhusiwa kuingia. Nafasi ya mtoto asiyekuwapo iliuzwa kwa kijana mwingine, naye aliitwa mwana wa karatasi. Katika kituo cha uhamiaji cha Angel Island, kisiwa kilicho kwenye ghuba ya San Francisco, kilichofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1940, maofisa walimhoji kijana huyo: ngazi za nyumba yenu ni ngapi? Pipa la mchele liko upande gani? Nani anakaa nyumba ya tatu? Majibu yake yalilinganishwa na ya anayedaiwa kuwa baba, na hata mwana wa kweli aliweza kukosea. Waliosubiri kwa wiki na miezi walichonga mashairi kwenye kuta za mbao za bweni, na hadi leo yanasomeka.

Marufuku ilifutwa Desemba 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani katika vita dhidi ya Japani, lakini nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 tu kwa mwaka. Kuanzia mwaka 1956 serikali iliwataka wana wa karatasi waungame majina yao halisi. Wengine hawakuthubutu, kwa kuwa kuungama kwa mmoja kulifichua ukoo mzima, na ndiyo maana katika makaburi ya Wachina wa California yapo mawe yenye majina mawili: la karatasi kwa Kiingereza, na la ukoo kwa Kichina.