Diancui ni nini?

Diancui ni ufundi wa Kichina wa kupamba mataji, pini za nywele na hereni kwa manyoya ya mdiria, yule ndege mwenye mdomo mrefu anayejitosa majini kukamata samaki. Anayeyaona mapambo haya kwa mara ya kwanza hudhani yamepakwa rangi. Sivyo, ile buluu ni unyoya wenyewe.

Fundi hukata bamba jembamba la fedha, mara nyingi lililopakwa dhahabu, kwa umbo la ua, wingu au ndege, kisha hulehemu waya mwembamba pembezoni uwe ukingo. Unyoya hukatwa vipande vidogo vinavyoenea ndani ya ukingo huo, ukabandikwa kwa gundi, nyuzi zake zote zikielekea upande mmoja. Kipande kikikaa kombo, mng'ao unaharibika. Buluu hiyo haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali na matundu madogo mno yanayotawanya mwanga. Ndiyo maana mapambo ya karne nyingi zilizopita bado yanang'aa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitoka katika kaburi la Dingling, karibu na Beijing, lililofukuliwa kati ya 1956 na 1958. Humo mlikuwa na taji la Xiaoduan, mke wa kaizari Wanli wa enzi ya Ming. Lina majoka tisa ya dhahabu, na chini yake ndege tisa waitwao fenghuang, wamevikwa manyoya ya mdiria na kuzungukwa na lulu maelfu. Joka ni alama ya kaizari. Fenghuang ni ndege wa hadithi, anayesemekana hutokea nchi ikitawaliwa kwa haki, naye ni alama ya malkia. Kwa hiyo aliyelitazama taji hilo alijua papo hapo aliyelivaa ni nani.

Wanyama wengine nao walikuwa na maana zao. Korongo ni maisha marefu, jozi ya bata wa mandarini ni ndoa yenye upendo. Popo, ambaye kwetu wengi humwogopa, kule ni heri tupu, kwa kuwa jina lake hutamkwa sawa na neno la baraka: fu.

Gharama yote aliilipa ndege. Zhou Daguan, Mchina aliyefika Angkor, katika Kambodia ya leo, mwaka 1296 pamoja na ujumbe wa kaizari wa China wa wakati huo, aliandika jinsi wawindaji wa huko walivyojificha kwa majani kando ya bwawa, wakiwa na mdiria jike ndani ya tundu ili kumvuta dume, na wavu mdogo mkononi. Siku nyingine walipata watatu au watano, siku nyingine wakarudi mikono mitupu.

Katika karne ya 20 ufundi huu ulififia. Wanaouendeleza leo wengi hutumia manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi, au utepe wa hariri. Buluu yake haiifikii ile ya mdiria, lakini mimi naikubali kwa moyo mmoja, maana mdiria anabaki hai mtoni.