Maana ya ufunguo mkuu katika jedwali la hifadhidata

Ufunguo mkuu ni safu wima, au safu wima kadhaa kwa pamoja, ambayo thamani yake haijirudii ndani ya jedwali na wala haiachwi tupu. Ukiwa na thamani hiyo unaifikia safu mlalo moja tu. Wazo hili limo tangu mwaka 1970, Edgar F. Codd wa IBM alipochapisha modeli yake ya uhusiano, yaani ya kupanga data katika majedwali. Bila ufunguo, safu mlalo mbili zikifanana kila kitu huna namna ya kuieleza hifadhidata ifute ipi na iache ipi.

Katika SQL, lugha ya kuiagiza hifadhidata, hutangazwa kwa maneno PRIMARY KEY, na tangu hapo hifadhidata yenyewe hukataa thamani iliyokwisha kuwamo. Jedwali haliwezi kuwa na zaidi ya ufunguo mkuu mmoja, hata kama umeundwa na safu wima mbili, mfano namba ya mwanafunzi na namba ya kozi katika jedwali la usajili.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Wengi hukimbilia barua pepe au namba ya simu kwa kuwa tayari ni za pekee. Mimi sishauri hivyo hata kidogo. Watu hubadili barua pepe, na namba ya simu iliyoachwa hupewa mtu mwingine. Ufunguo ukibadilika, kila jedwali linaloutaja kwa ufunguo wa kigeni (safu wima inayobeba ufunguo mkuu wa jedwali jingine) nalo lazima lirekebishwe. Afadhali thamani isiyo na maana yoyote nje ya hifadhidata, kwa sababu hakuna kitakachoilazimisha ibadilike.

Iliyozoeleka ni namba inayoongezeka yenyewe: AUTO_INCREMENT kwenye programu ya hifadhidata ya MySQL, IDENTITY kwenye ile ya PostgreSQL. Tumia BIGINT, aina ya namba ya biti 64, maana namba ya kawaida ya biti 32 hukomea 2,147,483,647. Na usitarajie zifuatane bila pengo; muamala (mabadiliko yanayofanywa kwa pamoja kama kitu kimoja) ukibatilishwa, namba iliyokwisha kutolewa hairudi. Kwa hiyo hazifai kuwa namba za ankara zinazotakiwa kufuatana.

Kompyuta nyingi zinapoandika data bila kuwasiliana, UUID, kitambulisho cha pekee cha biti 128, inafaa zaidi, kwani kila moja huweza kujitengenezea. Toleo la 4 ni la kubahatisha, na kwenye InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data na inayopanga safu mlalo kwa mfuatano wa ufunguo mkuu, hutawanya safu mlalo mpya huku na huko na kupunguza kasi. Toleo la 7, lililoingia kwenye viwango rasmi mwaka 2024, huanza na wakati, hivyo safu mlalo mpya huenda mwishoni.

Lakini ufunguo usio na maana haumzuii mtu yuleyule kusajiliwa mara mbili. Namba 17 na 18 zinaweza kubeba barua pepe ileile, na hifadhidata isilalamike. Barua pepe nayo iwekewe sharti la UNIQUE, linalokataza thamani kujirudia, kando ya ufunguo mkuu.